Darasa la jioni la Kirundi pale Buyenzi: kitenzi gukora kutoka mwanzo hadi mwisho

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Darasa la Kirundi linalofundishwa kwa Kiswahili nyakati za jioni mtaani Buyenzi, Bujumbura, ni zuri, na hela utakayolipa haitapotea. Kama wewe ni dereva wa masafa, mfanyabiashara wa Kigoma au Uvira, wakala wa forodha, au umeoa huko na unataka kuzungumza na wakwe bila mkalimani, nenda. Nampa mwalimu nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyobana nitaieleza nikifika kwenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti.

Mimi ni dereva wa tela. Napakia bandarini Dar es Salaam, mara ngano, mara mbolea, mara makasha ya vitu vya dukani, napeleka Burundi. Wenzangu wa njia hiyo wanaijua: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, unakata kwenda Ngara, unafika Kabanga. Ukivuka ni Kobero, kisha Muyinga, Ngozi, Kayanza na Bugarama, halafu ule mteremko mrefu wa kuingia Bujumbura, ambao vijana wa baiskeli wakiwa wanarudi juu hujishikiza nyuma ya malori wavutwe. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na pale Kabanga na Kobero siku hizi makaratasi yanamalizwa kwenye kituo kimoja. Kiswahili kinakutosha mpakani, na kinakutosha tena ukifika Bujumbura, hasa Buyenzi, ambako ndiyo lugha ya barazani. Hapo katikati, Muyinga hadi Bugarama, watu wanasema Kirundi. Mama wa ndizi, kijana wa vocha, askari wa kizuizini, wote Kirundi. Gari likizimika milimani, Kifaransa cha kuokoteza hakikufikishi mbali, na Kiswahili unabaki kukizungumza na utingo wako.

Vijitabu vya misemo nimevinunua. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya mtu wa Kifaransa, na hapo ndipo vinapotupoteza sisi. Vinakupa sentensi nzima uikariri, "nataka chumba", "bei gani", na ukijibiwa kwa kitenzi kilekile kilichogeuzwa kidogo tu, unabaki kimya. Mtu wa Kiswahili hana haja ya kuanzia huko. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba kitenzi kina vipande: nani, lini, nani tena, tendo lenyewe, na mwisho wake. Ni-ta-ku-pig-i-a. Mrundi naye anajenga hivyohivyo, kwa vipande vinavyofanana na vyetu. Tunachohitaji ni mtu wa kutuonyesha vipande vyao na mahali vinapokaa. Darasa hili linafanya hivyo, tena linafanya kwa kitenzi kimoja tu, gukora, kufanya au kufanya kazi, mpaka ukielewe chote, ndipo linakuruhusu kugusa kingine.

Halina kibao wala jina. Ni ukumbi wa mbele wa nyumba ya mwalimu mwenyewe, mabenchi ya mbao, ubao mweusi na chaki, si mbali na magereji. Buyenzi kwa mafundi wa magari inajulikana, kwa hiyo madereva tuko pale muda mwingi tukisubiri. Mwalimu ni mzee aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, amezaliwa mtaani hapohapo, Kiswahili chake ni cha nyumbani na Kirundi chake ni cha nyumbani. Hatumwiti kingine ila Mwalimu. Wanafunzi wanabadilika wiki kwa wiki. Nilikuta madereva Watanzania, akina mama wa Uvira wanaovuka Gatumba kufuata biashara, na kijana mmoja Mkenya, Mkikuyu wa Thika, anayeuza simu mjini.

Mwalimu anaanza na neno ambalo kila aliyevuka Kobero analo tayari mdomoni: murakoze. Asante. Analiandika kwa herufi kubwa, kisha analikata kwa mistari ya chaki: mu, ra, koze. Mu ni ninyi, ileile ya mnafanya. Koze ni kora iliyobadilika mwisho. Murakoze ni "mmefanya". Kwa mtu mmoja wa rika lako ni urakoze, umefanya. Kwa mkubwa, hata akiwa peke yake, mu-. Halafu anatugeukia: "Kitenzi mnacho. Sasa tukigeuze."

Kinaanza kugeuka kwa nafsi. Ndakora, urakora, arakora, turakora, murakora, barakora. Nafanya, unafanya, anafanya, tunafanya, mnafanya, wanafanya. Sita hizo zinaimbwa darasa zima kwa sauti, mara nyingi, mpaka jirani anazijua. Ukizitazama utaona u, a, tu, mu na ba zimekaa palepale tulipozizoea. Inayoshtua ni ya kwanza tu, ndakora, na hapa Mwalimu alifanya jambo ambalo sijaliona kwenye kijitabu chochote. Aliandika ubaoni maneno ya Kiswahili: ulimi, ndimi, refu, ndefu. Akasema, "N ikikutana na r au l kwenu inazaa nini?" Tukajibu nd. "Basi na huku ni hivyo. N na ra, nda." Hakuongeza neno. Akaandika ubao, mbao, na chini yake kubona, mbona: kuona, naona. Tukawa tumeipata kanuni kutoka kwenye lugha yetu wenyewe.

Sasa hilo -ra-. Hapa ndipo pesa yangu ilipojilipa. Vijitabu vyote vinakwambia -ra- ni kama -na- yetu, wakati uliopo, basi. Mwalimu anakataa katakata. Anaandika maswali mawili na majibu yake:

Urakora? Ego, ndakora.

Ukora hehe? Nkora i Dar es Salaam.

Unafanya kazi? Ndiyo, nafanya. Unafanya kazi wapi? Nafanya Dar es Salaam. Wakati ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini kwenye mstari wa pili -ra- imeondoka kabisa. Imeondoka kwa sababu habari yenyewe haiko kwenye kitenzi, iko mbele yake: wapi, Dar es Salaam. Kitenzi kikimaliza sentensi, au kikiwa chenyewe ndicho habari, -ra- inakaa. Kinachofuata kikiwa ndicho kinachoulizwa au kinachojibiwa, -ra- inatoka, unabaki na nkora, ukora, akora, dukora, mukora, bakora. Kiswahili chetu hakina kitu cha namna hii, na ndiyo maana dereva mwenye miaka mingi njiani bado anasema "ndakora i Dar" na Mrundi anamwelewa lakini anajua papo hapo kwamba huyu si mtu wa hapa. Mwalimu alitukalisha juu ya jambo hili muda mrefu kuliko lolote. Kila mtu aliulizwa kwa zamu, urakora, ukora hehe, ukora iki, na kila mtu alitakiwa aamue kwa sikio wapi aiweke na wapi aitoe. Mama mmoja wa Uvira alilalamika kuwa ni mchezo wa watoto. Mwalimu akamwambia, "Mama, soko lote la Siyoni linakujua ni mgeni kwa -ra- hiyo hiyo." Akakaa akaendelea.

Ukiwa mwangalifu umeona pia kwamba nimeandika dukora, si tukora. Na turakora, si durakora. Na kitenzi chenyewe ni gukora, lakini kwenda ni kugenda na kulima ni kurima. Kirundi hakipendi herufi kavu mbili zifuatane. K, t, s, f na ndugu zao zikianza mzizi, ile k au t ya mbele yake inalainika kuwa g au d: gukora, gusoma, guteka, dukora. Mzizi ukianza na g, r, b au v, hakuna kinacholainika: kugenda, kurima, tugenda. Kijana wa Thika alipoona hivyo alisimama kwenye benchi: "Mwalimu, hiyo ni ya kwetu! Sisi tunasema gũthoma, lakini kũrĩma." Ni kweli, Kikuyu wana kanuni hiyo. Wanaisimu wanaiita kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Mjerumani aliyeiona kwenye Kinyamwezi, na Mwalimu alitutajia hilo kwa sababu sisi madereva tunapita Unyamwezini kila safari. Jambo dogo lakini tamu. Ilinifanya nimwamini kuwa anajua anachofundisha, si kwamba amezaliwa nacho tu.

Wakati uliopita unakuja na mwisho wa -ye. Kora na ye haziwi "korye", zinakuwa koze. Gura, kununua, guze. Vuga, kusema, vuze. Teka, kupika, tetse. Fata, kushika, fashe. Bona, bonye. Raba, kutazama, ravye. Mwalimu anazipanga kwa makundi ya herufi, na hapa nakiri orodha ni ndefu na hakuna njia ya mkato. Aligusia kwamba Kiswahili cha tenzi za zamani nacho kilikuwa na mwisho wa namna hii, -ile, ukapotea midomoni mwetu. Nafsi mbele ya -a- ya wakati uliopita zinabadilika sura: nakoze, wakoze, yakoze, twakoze, mwakoze, bakoze. Angalia ya tatu. Yakoze ni "alifanya". Sikio la Kiswahili likisikia ya- linatafuta mayai au magari. Litazoea.

Kilichonisaidia zaidi barabarani ni matumizi mengine ya -ye, yale ya hali iliyopo. Sisi tunasema nimechoka, nimekaa, nimesimama, kwa -me-, tukimaanisha hali ya sasa. Warundi wanasema ndarushe, ndicaye, ndahagaze. Ninaumwa ni ndarwaye. Mlinganisho unakaa sawasawa: kwetu ni -me-, kwao ni -ra- mbele na -ye nyuma. Na ukiongeza kanuni ya kuitoa -ra-, maswali yote ya kizuizini yanafunguka. Askari anauliza, Muvuye hehe? Umetoka wapi? Mvuye i Kobero. Mugiye hehe? Unaenda wapi? Ngiye i Bujumbura. Mutwaye iki? Ntwaye ingano, nimebeba ngano. Vuye, giye, twaye, zote ni -ye, zote hazina -ra- kwa kuwa habari iko mbele. Nimeona askari akibadilika uso kwa kujibiwa hivyo. Karatasi anakagua vilevile, lakini anakagua kwa salamu.

Wakati ujao ni rahisi kupita yote. Nzokora, uzokora, azokora, tuzokora, muzokora, bazokora. Kipande ni -zo-, hakina -ra- wala mabadiliko ya mwisho. Anayejua Kinyarwanda atasema -za-, na Mrundi atamwelewa bila shida, lakini Bujumbura ni -zo-.

Ukanushaji ndio uliokuwa jioni bora ya darasa lote, na ningependa nikae hapo.

Sifanyi ni sinkora. Ndiyo, si- ya kwetu ileile. Hufanyi, ntukora. Hafanyi, ntakora. Hatufanyi, ntidukora. Hamfanyi, ntimukora. Hawafanyi, ntibakora. Sikufanya, sinakoze. Sitafanya, sinzokora. Mpaka hapo mtu wa Kiswahili anatembea mwenyewe. Kisha Mwalimu anairudisha -ra- aliyokuwa ameiondoa: sindakora. Anauliza darasa maana yake. Kila mtu anajibu sifanyi. Anatikisa kichwa. Sindakora ni "sijafanya bado". Ndani ya ukanushaji -ra- imeacha kazi yake ya kwanza na kushika kazi ya -ja- yetu. Ntakora, hafanyi. Ntarakora, hajafanya. Ntaraza, bado hajafika. Silabi moja inatenganisha mtu asiyefanya na mtu ambaye bado hajafanya.

Niliona faida yake mchana uliofuata. Mrija wa upepo wa breki za tela ulikuwa unavuja, nikaiacha gari gereji. Fundi mkuu alikuwa ametoka, amebaki mwanafunzi wake, kijana aliyetoka Ngozi, Kiswahili hana. Nikamuuliza kwa kitenzi changu cha darasani: Warabikoze? Hiyo bi- ya katikati ni "hivyo", na inakaa palepale tunapoweka yetu, kabla ya mzizi. Umefanya? Akajibu, Oya, sindabikora. Bado. Kama angesema sinzobikora, sitafanya, ningetafuta gereji nyingine saa ileile, maana kupanda Bugarama na tela inayovuja upepo si jambo la kubahatisha. Baadaye nikarudi, nikamkuta chini ya ekseli, akanipokea bila kuulizwa: Ndiko ndabikora. Ndiko ni "niko", yaani ninafanya hivi sasa, mikono iko kwenye kazi. Jioni ikawa narabikoze, nimeshafanya. Kitenzi kimoja, sura tatu, na kila sura iliniambia la kufanya: subiri, kaa karibu, jaribu upepo. Nilimlipa na murakoze yangu safari hii ilikuwa na maana yake yote.

Kuna na hili la ejo. Warundi wanatumia neno moja, ejo, kwa jana na kwa kesho. Wageni wanalalamika sana juu ya jambo hili, nami nimewasikia wafanyabiashara wakigombana kwa ajili yake. Mwalimu anasema kitenzi ndicho kinachobeba siku, na ukijua kitenzi hakuna ugomvi. Nabikoze ejo, nilifanya jana. Nzobikora ejo, nitafanya kesho. Mtu akikwambia ejo, sikiliza kilichotangulia, -a- na -ze au -zo-. Fundisho lilichukua dakika chache tu, na kwa mtu anayepokea na kupeleka mizigo lina thamani kubwa.

Nyongeza za mwisho wa kitenzi hazikuhitaji muda, ni nyumbani kabisa. Gukorera, kufanyia. Gukorana, kufanya pamoja. Gukorwa, kufanywa. Gukoresha, kutumia kitu au kumfanyisha mtu kazi. Gukora ikifuatwa na ko pia ni kugusa, gukorako, na watoto wakizunguka gari unawaambia ntimukoreko, msiguse. Mwisho kugeuka -e ni kama sisi: akore, afanye, dukore, tufanye. Na kuna -o- ya ombi la adabu ambayo nasema kila dereva aishike hata kama hatashika kingine. Nokora, ningefanya, mwokora, mngefanya. Ukisimama ukingoni mwa barabara unahitaji mkono, usiseme nisaidieni kwa amri. Sema, Mwomfasha? Mngenisaidia? Gufasha ni kusaidia, na hapo vipande vyote unavijua: mu, o, n, fasha.

Sasa nyota niliyoibana.

Kirundi ni lugha ya toni, na toni haiandikwi. Fungua gazeti, fungua Biblia, hutaona alama yoyote. Narakoze ya leo asubuhi na narakoze ya jana au mwaka juzi zina herufi zilezile, na kinachozitenga ni sauti kupanda au kutopanda. Jambo zito hivyo Mwalimu alilifundisha jioni moja, karibu na mwisho, kwa kuinua na kushusha mkono huku akitamka. Akina mama wa Uvira waliikamata mara moja, kwa kuwa lugha zao za nyumbani, Kifuliiru na Kibembe, zina toni. Sisi wa Kiswahili, ambao sauti yetu inakaza silabi ya pili kutoka mwisho kila siku ya maisha, tulikuwa tunasikia kitu kimoja. Alipoulizwa alisema mtaizoea mkikaa na watu. Si jibu la kutosha kwa mtu aliyelipia, hasa dereva ambaye hakai. Toni ilipaswa iingie tangu jioni ya kwanza, pamoja na zile nafsi sita, zikiimbwa kwa sauti yake sahihi, kwa maana wimbo uliokaririwa bila toni ni kazi kuung'oa.

Na angetusaidia kwa rahisi. Kila mwanafunzi ana simu. Kurekodi sauti fupi akitamka kitenzi katika kila wakati, akawatumia watu kwenye WhatsApp, ni kazi ya nusu saa. Nilimwomba, akasema anayetaka arekodi mwenyewe darasani. Nimerekodi, lakini nyuma kuna pikipiki na watu kumi wanaomfuatisha. Mtu akisikiliza akiwa Nzega hapati kitu.

Kitini anachouza kando, karatasi chache za fotokopi, usikinunue. Kimefifia, kurasa nyingine mistari ya pembeni imekatwa, na mpangilio wa -ye uliomo haulingani na ule mzuri anaouandika ubaoni. Piga picha ubao. Yeye mwenyewe haoni vibaya.

Jambo jingine ni kuchanganyika kwa wanafunzi. Kwa vile madereva tunaingia na kutoka, karibu kila wiki anakuja mgeni, na murakoze inarudi tena ubaoni. Waliokaa muda mrefu wanachoka, na niliona mama mmoja akifungua hesabu zake za biashara wakati sisi tunaimba ndakora. Siku za mwisho alianza kuwatenga, wageni benchi la mbele wakirudia nafsi, wazoefu nyuma wakipewa sentensi za kugeuza kutoka jana kwenda kesho. Hilo liliponya tatizo kwa kiasi kikubwa. Umeme ukikatika anaendelea kwa tochi ya simu, hasimamishi kipindi, na hilo nampongeza.

Kwa upande wa malipo, nililipa sawa na shilingi 5,000 za Tanzania kwa kipindi cha saa moja na nusu, kwa faranga za Burundi, na kiwango cha kubadilisha tulikubaliana mapema ili kusiwe na maneno. Hataki malipo ya mbele. Anaanza baada ya magharibi, anasimama isha ikiadhiniwa, akiona kipindi hakijatimia anamalizia baada ya swala. Kina mama wanaachwa waondoke mapema. Ijumaa hakuna darasa. Chai ipo, ya bure, na mandazi ni ya kununua kwa jirani.

Darasa halimfai anayetafuta cheti, wala anayetaka kusoma na kuandika Kirundi cha ofisini, huko hafiki. Halimfai pia asiyejua Kiswahili, maana maelezo yote yamekaa juu ya Kiswahili, ulimi na ndimi, -me- na -ja-, na bila hayo nusu ya uzuri wake inapotea. Mtu wa Kiha au Kihangaza atakuta mengi anayajua kutoka nyumbani, lakini bado asikilize yale ya -zo- na ya toni.

Kumpata ni kwa kuuliza kwa mafundi: mwalimu wa Kirundi anayefundisha madereva. Watakupeleka. Kama unakaa Bujumbura mwezi mzima, chukua mfululizo wote. Kama wewe ni wa kupita kama mimi, mwombe jioni mbili, ile ya kuweka na kuondoa -ra- na ile ya sindakora, na ya toni muombe akupe siku ya kwanza, kabla hajakuimbisha nafsi.